Anga la Feri Silo la Kitabuni

Machi ikiingia, kabla masika hayajashuka, Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hupata fukuto la aina yake. Madalali wa mnada hunadi samaki mashati yakiwa yamegandia migongoni, wakaangaji hujifuta jasho mbele ya makarai ya mafuta, na barafu waliyomwagiwa jodari na nguru alfajiri huwa maji matupu kabla ya adhuhuri. Abiria wanaoshuka kwenye kivuko kutoka Kigamboni hulalamika kwamba hewa ni nzito. Sayansi inawakatalia: hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu.

Molekuli ya maji, kwa kipimo cha wanakemia, ina uzito wa 18. Ya naitrojeni ina 28, ya oksijeni 32. Mvuke unapojipenyeza hewani huchukua nafasi ya molekuli zilizo nzito kuliko wenyewe, na hewa yote inapungua uzito. Kinachomchosha mtu wa Feri ni jasho lake kukosa pa kwenda, kwa kuwa hewa imekwisha kushiba maji.

Na imeshiba kweli. Siku ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida kabisa Dar es Salaam, mvuke wa maji hufikia sehemu 3 katika kila 100 za hewa. Hapo ndipo jedwali la shuleni linapoanza kuachana na hali halisi. Kila mwanafunzi amelikariri: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni chini kidogo ya 1, kisha mabaki, ambamo kabonidayoksaidi imo kwa kiasi cha asilimia 0.04. Hesabu ni sahihi, ila ni ya hewa iliyokaushwa. Katika hewa inayovutwa Kivukoni au Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, kitu cha tatu kwa wingi si agoni, gesi ile isiyojishughulisha na chochote ambayo mafundi wa kuchomelea alumini huitumia kutoka kwenye mitungi. Ni maji.

Wingi, hata hivyo, si kipimo cha nguvu. Kabonidayoksaidi ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni kabla ya enzi ya viwanda. Sasa imepita 420, na nyongeza hiyo ndogo inatosha kuipandisha dunia joto, kwa sababu gesi hii hunasa joto linalotoka ardhini ambalo naitrojeni na oksijeni huliachia lipite. Mvuke wa maji nao hunasa. Ndiyo maana usiku wa Dar haupoi kama usiku wa Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu na joto la mchana hutoroka angani mara jua linapozama.

Jedwali halitaji moshi. Alfajiri, wakati ardhi imepoa na hewa ya chini ina baridi kuliko ya juu yake, moshi wa kuni na mkaa hukosa njia ya kupanda, ukatanda juu ya mapaa hadi jua likolee na upepo wa baharini uanze kuvuma. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi huo ifikapo 2034.

Uzito wa hewa yenyewe ni jambo ambalo watu wachache huamini wakiambiwa. Juu ya meza ya kuparia samaki yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, pale usawa wa bahari, zimekaa takriban tani 10 za hewa. Meza haivunjiki kwa kuwa hewa husukuma pande zote, hata kutoka chini ya ubao. Ila mzigo huo haukupangwa sawasawa: nusu yake yote iko chini ya kilomita 5 na nusu. Mpanda mlima aliyefika kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro, mita 5,895, amesimama juu ya zaidi ya nusu ya angahewa. Wengi hudhani kule oksijeni imepungua kwenye mchanganyiko. Haikupungua, bado ni asilimia 21, kama Feri. Kilichopungua ni hewa yote kwa jumla, na kila pumzi inaingiza nusu tu ya kile ambacho mapafu yamezoea.

Upepo ndio unaolinda mchanganyiko huo. Kutoka ufukweni hadi karibu kilomita 100 juu, hewa hukorogwa bila kupumzika, kiasi kwamba gesi nzito hazipati nafasi ya kutuama chini wala nyepesi kujitenga juu. Hoja hii itarudi tukifika kwa mafundi friji.

Joto, kwa upande wake, hupungua kadiri mtu anavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila kilomita. Ukianza na nyuzi 30 pale sokoni, sifuri utaikuta kwenye kilomita 5 hivi. Kibo, chenye kilele hicho cha Uhuru, kimepita kimo hicho, ndiyo sababu kina barafu ingawa kiko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Ukiendelea juu, baridi inazidi, na hewa ya fukuto iliyoanza safari baharini hushindwa kubeba maji yake. Mvuke hugeuka matone, matone hutoa joto lililofichika ndani ya mvuke, joto hilo huisukuma hewa juu zaidi, na wingu linakua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema katika utabiri wake kwamba Ukanda Mvua umesogea, inazungumzia eneo ambapo pepo za kaskazini na za kusini mwa dunia hukutana na hewa kulazimika kupanda. Kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi pwani hii kwa karne nyingi, ni pepo za chini za mtambo huohuo.

Wingu la radi la masika likitazamwa kutoka ufukwe wa Magogoni linaweza kuonekana likipanda kwa kasi, kisha ghafla likaacha kupanda na kuanza kutandaa kwa pembeni, bapa kabisa. Limegonga mpaka. Chini yake ni troposfia, tabaka lenye karibu mvuke wote, mawingu yote ya mvua, vimbunga vyote, hata Hidaya iliyotua upande wa Mafia Mei 2024 na kusimamisha boti za Zanzibar. Juu yake ni stratosfia, ambako joto huacha kushuka na badala yake hupanda, na hewa baridi iliyolala chini ya hewa yenye joto haina sababu ya kuinuka.

Mpaka huo uko wapi? Vitabu vingi vya shule husema kilomita 11 au 12, na mchoro wake ni uleule, mistari iliyonyooka, namba pembeni. Mchoro umetoka Ulaya. Kule namba hizo ni za kweli, na karibu na ncha za dunia mpaka hushuka hata kilomita 8 au 9. Lakini juu ya Dar es Salaam uko kilomita 16 hadi 17. Ni kama kuchukua njia nzima ya mwendokasi kutoka kituo cha Kivukoni hadi Kimara na kuisimamisha wima: mvua yote iliyowahi kunyesha jijini ilitengenezwa ndani ya urefu huo.

Jua la ikweta ndilo linaloupandisha. Ardhi na bahari zenye joto huisukuma hewa juu kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Na kwa sababu hewa inayopanda huendelea kupoa njia nzima, safari ndefu huishia kwenye baridi kali. Mpakani juu ya Ulaya baridi ni ya nyuzi kama 55 chini ya sifuri. Juu ya Dar ni nyuzi 80 chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Moja ya sehemu zenye baridi zaidi katika anga la chini imekaa juu ya watu wanaonunua barafu kwa ndoo.

Abiria wa ndege ya KLM inayotoka Dar kwenda Amsterdam huvuka mpaka huu bila kuambiwa. Ndege inaporuka kimo cha kilomita 11 au 12 juu ya Tanzania, bado imo ndani ya troposfia na inaweza kulazimika kuyakwepa mawingu ya radi yaliyoipita kwa kimo. Ikiwa juu ya kaskazini mwa Ulaya wakati wa baridi, kwa kimo kilekile, mara nyingi imekwisha kuingia stratosfia, na safari inakuwa tulivu. Rubani hakupanda hata mita moja. Ni mpaka ulioshuka.

Jambo hili liligunduliwa mapema, na sehemu ya kazi ilifanyika Afrika Mashariki. Mwaka 1902 Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyekuwa akirusha puto zenye vipimajoto karibu na Paris, alitangaza kwamba juu ya kilomita 11 hivi joto huacha kushuka. Mjerumani Richard Assmann alifikia jibu hilohilo mwaka huohuo. Swali likabaki: je, ndivyo ilivyo hata ikweta? Mwaka 1908 Kituo cha Kifalme cha Uchunguzi wa Anga cha Ujerumani kilituma msafara Afrika Mashariki chini ya Arthur Berson. Mtu huyu hakuwa mgeni wa anga. Julai 31, 1901, yeye na Reinhard Süring walipanda kutoka Berlin ndani ya kapu la wazi la puto hadi karibu mita 10,800, wote wawili wakazimia, na walishuka wakiwa hai kwa bahati tu. Safari hii aliacha puto ziende peke yake.

Juu ya Ziwa Viktoria vipimo vya Berson vilikuta mpaka ulio juu zaidi na baridi kali kuliko ya Ulaya. Vilikuta pia kitu kisichotarajiwa. Vumbi la volkano ya Krakatoa, iliyolipuka Agosti 1883, lilikuwa limezunguka ikweta yote kutoka mashariki kwenda magharibi, hivyo wataalamu waliamini upepo wa juu huko huvuma daima kutoka mashariki. Puto za Berson zilisukumwa na upepo wa kutoka magharibi. Kwa nusu karne vitabu vililazimika kuchora pepo zote mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema mmoja wa mashahidi alikosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza walionyesha kwamba mashahidi wote walisema kweli: upepo wa stratosfia ya ikweta hugeuka, mashariki kisha magharibi, kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Berson alifika zamu ya magharibi.

Fumbo la pili lilitatuliwa bila mtu kukanyaga Afrika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Alan Brewer alipima unyevu wa stratosfia juu ya kusini mwa Uingereza akakuta hewa kavu ajabu, molekuli chache tu za maji katika kila milioni. Baridi ya pale haikutosha kuikausha kiasi hicho. Lazima hewa hiyo ilipita mahali penye baridi zaidi, ikaachia maji yake kama barafu, ndipo ikasafiri hadi Uingereza. Katika andiko lake la mwaka 1949 Brewer alipataja mahali hapo: mpaka wa juu wa tropiki. Ukanda wa ikweta, ukiwemo huu wa Afrika Mashariki, ndio mlango ambao hewa ya dunia hupitia kuingia stratosfia, kisha husambaa polepole kuelekea ncha za dunia kwa miaka kadhaa. Wachoraji wa vitabu vyetu wangeanza na mlango huu, mwanafunzi wa Ilala angejua kwamba kilicho juu ya kichwa chake si nakala ya anga la Paris.

Mlango huo ndio unaowaingiza mafundi friji wa Kariakoo kwenye habari hii. Friji za zamani zilijazwa gesi waliyoizoea kwa jina la R12, moja ya familia ya CFC. Haina harufu, haiwaki, haimdhuru anayeivuta kidogo, na fundi aliyeiachia hewani hakuona kosa. Tena ni nzito kuliko hewa mara nne, hivyo mtu angetegemea itambae chini. Lakini upepo unakoroga kila kitu. Gesi hiyo hudumu karibu miaka 100, muda wa kutosha kuzunguka, kupanda na mawingu ya ikweta, kupenya mpakani na kufika ambako miale ya urujuanimno ya jua huipasua na kuachia klorini. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba klorini hiyo huila ozoni. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza pengo la ozoni juu ya Antaktika, mbali kabisa na miji iliyokuwa na friji.

Ozoni nyingi imejikusanya kati ya kilomita 15 na 35, na kazi yake ni kunasa urujuanimno. Hapa tena ikweta ina habari yake. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya tropiki, kwenye jua kali, lakini mkondo ule alioufafanua Brewer huibeba kuelekea ncha za dunia, kwa hiyo tabaka lililo juu yetu ni jembamba kwa asili kuliko la nchi za baridi. Ukiongeza jua la utosini, mwanga wa saa sita mchana Dar unafika daraja la hatari ya juu kabisa kwa ngozi. Wanaolipa zaidi ni watu wenye ualbino. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kando ya bahari umbali mfupi kutoka Feri, imetibu saratani zao za ngozi kwa miaka mingi, na Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili yao.

Unene wa ozoni ya Afrika Mashariki hupimwa Nairobi. Idara ya hali ya hewa ya Kenya, ikishirikiana na Uswisi na mtandao wa SHADOZ ulioanzishwa mwaka 1998 chini ya NASA, hurusha kwa kawaida kila wiki puto yenye kipima ozoni. Puto hupanda hadi kilomita 30 na zaidi, huku ikivimba kadiri hewa ya nje inavyopungua, mpaka ipasuke.

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiondoa R12 sokoni. Iliyochukua nafasi yake, R134a, haigusi ozoni, ila hunasa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kabonidayoksaidi ya uzito uleule, na mataifa yalirudi mezani Oktoba 2016, safari hii Kigali, kukubaliana kuipunguza. Friji mpya nyingi sasa hutumia R600a, ambayo ni rafiki wa anga lakini huwaka moto, na fundi aliyezoea kuchomelea bomba bila kutoa gesi yote kwanza ana somo jipya la kujifunza haraka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2023 kwamba ozoni ya sehemu nyingi za dunia itarudi hali ya mwaka 1980 karibu na 2040, na ya Antaktika karibu na 2066.

Juu ya kilomita 50 inaanza mesosfia, na haihitaji maneno mengi. Joto hushuka tena, hadi nyuzi 90 chini ya sifuri, na humo ndimo vimondo vingi huishia, vikiungua kwenye hewa nyembamba ambayo mwanadamu asingeweza hata kuihisi. Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe ni kati ya vile vichache vilivyokuwa vikubwa kiasi cha kutua.

Themosfia, inayoanza kwenye kilomita 80 hadi 90, iliwahi kuwa na kazi ya kisiasa Dar es Salaam. Miale ya jua huko juu huzing'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa, na tabaka lenye umeme linalotokea hurudisha chini mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyama vya ukombozi, vikiwemo FRELIMO na ANC, vilitangaza kupitia Idhaa ya Nje ya Radio Tanzania, na sauti zao zilivuka mipaka iliyolindwa kwa bunduki kwa kugonga anga kilomita 200 au 300 juu na kurudi ardhini Msumbiji na Afrika Kusini. Wazee wanakumbuka pia kwamba stesheni za mbali za masafa ya kati zilisikika vizuri usiku tu. Mchana kuna tabaka la chini, kilomita 60 hadi 90, linalomeza mawimbi hayo. Jua likizama, tabaka hilo hufifia na njia hufunguka.

Hewa ya huko ni chache mno, lakini ipo, na waliopima wingi wake juu ya ikweta walifanya kazi kwenye pwani hiihii. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na Aprili 26, 1967 satelaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Ndani yake kulikuwa na mzani uliopima jinsi hewa inavyokikokota chombo kinapopita. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo satelaiti ya Wamarekani ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei, ikaitwa Uhuru. Ilibidi iende juu, kwa kuwa eksirei za angani hazifiki ardhini. Hewa huzimeza zote.

Urushaji wa mwisho Ngomeni ulikuwa Machi 1988, ila suala la Broglio limepata wateja wapya. Jua likichafuka, themosfia hupata joto na kuvimba, na hewa nzito zaidi hupanda hadi kwenye njia za satelaiti. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink kwa kimo cha chini wakati wa dhoruba ya jua isiyokuwa kali sana. Hewa iliyovimba ilizikokota takriban 40 kati ya hizo hadi zikarudi chini na kuungua ndani ya siku chache.